Bustani ya Kizungu Isiolo: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Una nyumba ya mawe ya afisa wa kikoloni pale Isiolo, paa limekarabatiwa, na sasa unataka kuizungushia bustani ya enzi za Malkia Victoria: nyasi zilizokatwa sawasawa, vitalu vya maua vyenye umbo la nyota, njia ya kokoto. Soma haya kabla hujamwita mtu wa jembe.

USIIITE bustani ya Victoria. Malkia huyo alifariki Januari 1901. Geoffrey Archer, ambaye jina lake limebaki kwenye mji wa Archer's Post, alitumwa kaskazini mwaka 1909. Isiolo ya karantini ya ng'ombe na ya ofisi za Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuja baadaye zaidi. Unachoweza kufufua ni bustani ya watoto na wajukuu wa enzi hiyo, waliokuwa wakikumbuka kwao huku jua likiwachoma. Bango likisema vinginevyo, umewadanganya wageni wako.

TAFUTA ushahidi kwanza. Nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, usome ripoti ambazo wakuu wa wilaya waliachiana wakihama. Tafuta picha za zamani. Uani, kagua mistari ya mawe, mifereji iliyofukiwa, visiki. Keti na wazee wa mitaa ya Bulapesa na Kulamawe, uwaulize nani alikuwa akimwagilia maji. Katika maboma ya serikali kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya wafungwa, na jambo hilo pia ni historia ya bustani. Kama jengo limetangazwa kuwa mnara wa kitaifa, usichimbe hata shimo moja bila idhini chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006.

PIGA hesabu ya maji, na uipige kwa uchungu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika joto la Isiolo nyasi za kukata huhitaji kama milimita 5 kwa siku. Uwanja wa robo ekari, yaani takriban mita 1,000 za mraba, utakunywa lita 5,000: mitungi 250 ya lita ishirini, kila siku, Juni hadi Septemba, wakati kuna mama anayepanga foleni kwa mitungi miwili. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo huku kaskazini. Mto Ewaso Ng'iro umewahi kukauka kule chini huku mashamba ya juu yakiendelea kuvuta. Kwa hiyo nyasi za kijani zisizidi kipande kidogo mbele ya baraza. Nyasi za Kikuyu usizilete kabisa, hizo ni za nyanda za juu zenye baridi. Sehemu nyingine yote iwe kokoto na murram iliyofagiliwa. Maua yanayotaka maji yakae kwenye vyungu kivulini, yanyweshwe maji yaliyokwisha kuogewa na kufuliwa. Na kisima kisichimbwe bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

USIPANDE lantana. Najua, picha za vitalu vya Kiingereza vya karne ya 19 zimejaa lantana, na ni nzuri. Ni mmea wa Amerika uliotoroka kwenye bustani ukafunika malisho mengi ya Afrika Mashariki, na ng'ombe akiula huugua. Usipande mpungate pia. Hapo jirani Laikipia uliingia kama uzio na pambo. Leo miiba yake inatoboa midomo ya mbuzi, na tembo na nyani wanatawanya mbegu. Oleanda ni sumu kwa mbuzi na kwa mtoto. Mti wa mathenge sina haja ya kuutaja, waulize watu wa Baringo ulivyowavamia.

PANDA vya hapa bila kuona haya. Wapenda bustani wa Victoria walikuwa na uchu wa mimea ya kwetu: John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka Kew ua ambalo mwaka 1882 lilipewa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani. Halafu sisi tunaagiza mbegu London! Waridi la jangwani linachanua bila kubembelezwa. Mhina ukikatwa vizuri unatoa ua mnene, na maua yake yananukia jioni. Mgunga uachwe pale ulipo. Hata kama ramani ya zamani inaonyesha kitalu hapo, kitalu ndicho kihame. Mkoma upandwe kama kuna unyevu chini. Ukitaka mwongozo wa macho, tazama michoro ya mimea ya Joy Adamson katika Makumbusho ya Taifa. Kabla simba jike Elsa hajawapa umaarufu yeye na mumewe George, waliokuwa wakiishi Isiolo, alikuwa mchoraji wa maua.

USISIMAMISHE historia siku bendera ya Uingereza iliposhushwa. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya hapa Isiolo alipouawa kwa risasi Juni 1963, pamoja na Chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya uhuru. Bango la bustani lenye majina ya Waingereza peke yao, ling'oe.

AJIRI watu wa mjini, uwalipe kila mwezi. Kibarua wa siku hawezi kujua mche upi umeanza kunyauka.

ANDIKENI na majirani mapatano ya ukame: mvua ikifeli, bomba la bustani linafungwa kwanza, na kisima kinafunguliwa kwa mifugo na kwa watu. Yatiwe sahihi kabla ya mche wa kwanza kupandwa, na nakala ikae kwa chifu.