Majina ya Sifa ya Miji Yetu

Mtu ana jina alilopewa na wazazi wake, tena huenda ana lakabu aliyopewa na watu kwa kutazama tabia yake. Miji nayo ni vivyo hivyo. Lakabu ya mji si neno la mchezo tu. Ni ushahidi, nayo yataka kupimwa kama ushahidi mwingine wo wote.

Kwanza, ziko zitokazo katika sura ya nchi. Morogoro huitwa "Mji kasoro bahari". Mji huo umekaa chini ya milima ya Uluguru, wenye maji na mashamba. Basi watu wakasema hapakupungua kitu ila bahari.

Pili, ziko zitokazo katika kazi. Kigoma husifiwa kuwa "Mwisho wa reli". Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hapo njia ya chuma yakoma, na mbele yake ni Ziwa Tanganyika. Mtoto aijuaye lakabu hiyo amekwisha kuanza somo lake la jiografia.

Tatu, mji mmoja waweza kuwa na majina mengi. Mahali palipo Dar es Salaam palikuwa kijiji cha Mzizima, kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga hapo katika miaka ya 1860. Jina jipya huelezwa kuwa ni makao ya amani, au bandari ya salama. Baadaye sana watu wakauita mji huo "Bongo", maana asiyetumia akili mjini hapati riziki. Moja ni jina la enzi, la pili ni jina la wenye kuhangaika. Atakaye kuujua mji na ayasikilize yote mawili.

Nne, liko jina lenye maelezo mawili. Bagamoyo, wasema wengine, ni "bwaga moyo": mpagazi aliyetoka bara na pembe begani aliutua mzigo wake, na moyo ukapumzika. Wengine wasema ni mtumwa aliyekata tamaa, akauacha moyo wake pwani kabla ya kupakiwa chomboni. Wote wawili walipita njia hiyo. Mwalimu afundishaye maelezo ya furaha peke yake amemnyamazisha mtumwa. Afundishaye ya huzuni peke yake amemsahau mpagazi. Afadhali ayataje yote mawili, kisha awaambie watoto ya kuwa wazee hawakupatana.

Basi, wakubwa wa vijiji na walimu, anzeni kwenu. Kila kilima, mto na soko lina jina. Waulizeni wazee: nani aliyelitoa, na kwa sababu gani? Andikeni majibu yao, hata yakipingana. Mzee akifa kabla hajaulizwa, jina hubaki, bali maana yake huzikwa naye.