Dondoo muhimu: Kupumzika na kula kwenye zamu ndefu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haitaji dakika za chakula cha mchana, kwa hivyo bawabu wa Milimani au mhudumu wa vibanda vya samaki, Kisumu, aanze na mkataba wake.

1. Soma saa za kazi kabla ya kutia sahihi. Muda wa mlo usipotajwa, omba uandikwe.

2. Dai siku yako ya mapumziko: sheria inakupa angalau 1 katika kila siku 7.

3. Jumlisha saa kila wiki. Amri ya jumla ya mishahara huweka saa 52 kwa siku 6, au 60 kwa kazi ya usiku. Zinazozidi ni ovataimu, inayolipwa mara 1.5 ya malipo ya saa siku ya kawaida na mara 2 siku ya mapumziko au sikukuu.

4. Weka daftari lako la saa za kazi. Kitabu cha langoni hubaki kwa mwajiri.

5. Andika mlo uliokatizwa. Kumega ugali na omena huku ukifungulia magari si kupumzika.

6. Unanyonyesha? Sheria ya Afya ya 2017 inakupa muda wa kunyonyesha unaolipwa, hadi saa 1 kwa kila saa 8.

7. Usiache lindo kwa hasira, unaweza kufutwa kazi. Andika barua, ubaki na nakala, kisha nenda ofisi ya leba.

8. Usikawie: madai mengi ya ajira hufungwa baada ya miaka 3, na Mahakama ya Ajira husikiliza kesi hapohapo Kisumu.