Supu Nyororo ya Kuku na Mboga Pasipo Malai

Mtu wa mjini atakaye supu ya kuku iliyo nzito na nyororo, iteremkayo kooni pasipo kukwaruza na kuacha utando mwembamba mgongoni mwa kijiko, aghalabu huenda dukani akanunua malai, au krimu kama wengi waitavyo, akaja kuyamimina juu ya unga wa ngano uliokwisha kukaangwa kwa siagi. Na supu ya namna hiyo, sikatai, ni tamu. Walakini mimi hapa Tanga nawapikia watu ambao baadhi yao wamekanywa mafuta na matabibu, na wengine, nami nikiwamo, hawapati usingizi wa raha wakila kizito jioni. Kwa hiyo imenilazimu kuutafuta uzito wa supu mahali pengine, na nimeupata katika vitu viwili visivyo ghali: mifupa ya kuku iliyopikwa kwa subira, na mboga zilizoiva hata zikalegea kabisa kisha zikasagwa.

Njia hii si uzushi wangu. Auguste Escoffier, mpishi mashuhuri wa Ufaransa ambaye kitabu chake, Le Guide Culinaire, kilitoka mwaka 1903, alizipambanua supu nzito kwa asili ya uzito wake: ziko zitegemeazo mboga au nafaka iliyopondwa, na ziko ziungwazo kwa unga na siagi, kisha zikakamilishwa kwa malai au viini vya mayai. Hizi za pili ndizo zilizotamba hotelini, na sijui kwa nini sisi wapishi wa nyumbani tuliona fahari kuzifuata, maana hesabu yake ni nzito kuliko supu yenyewe. Malai mazito ya dukani theluthi yake na zaidi ni mafuta matupu, hata kikombe kimoja kikawa na gramu 80 na ushei, ilhali kikombe cha maziwa ya ng'ombe ya kawaida kina gramu 8 hivi. Na kila gramu ya mafuta huleta kalori 9, hali gramu ya wanga au ya protini huleta 4 tu.

Shangazi yangu, aliyekuwa wa kwanza kukatazwa mafuta katika nyumba yetu, alipoisikia azma yangu alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mwanangu, supu isiyo mafuta ni maji ya kuoshea vyombo." Nikamwambia, "Onja kwanza, shangazi, ndipo uhukumu." Alionja, akala, akasema chumvi imepungua, juu ya mafuta hakutia neno tena.

Nianze na kuku, kwa kuwa ndiye mwenye supu. Kuku wa kisasa, yule wa nyama alelewaye wiki chache tu, huiva upesi na nyama yake ni laini, lakini mifupa yake ni michanga na maji yake hayana nguvu; afaa siku ya haraka. Kuku wa supu hasa ni koo wa kienyeji aliyekwisha kutaga na kuatamia, au kuku wa mayai aliyechoka kutaga, ambaye huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu wachomaji hawamtaki. Muuza kuku wangu wa soko la Mgandini, nikimwambia wa supu, hapotezi wakati kunionyesha majogoo wenye manyoya ya kumetameta, hutia mkono ndani ya tenga, akampapasa mmoja kidari, akamrudisha, akamtoa mwingine mwenye miguu ya magamba magumu na kucha ndefu, akasema, "Huyu, mama, usimharakishe. Huyu apikwa na mtu mwenye nafasi." Na kweli, kuku kama huyo hutaka saa moja na nusu au mbili motoni, ambapo yule wa kisasa huiva katika dakika 40.

Kuku wa kilo moja na robo hivi hutosha watu sita. Mchune ngozi yote, maana shahamu nyingi ya kuku imo ndani ya ngozi na chini yake, kisha ondoa yale mabonge ya manjano yaliyo tumboni na karibu na mkia. Mkate vipande vikubwa, wala usitupe shingo, mabawa na miguu: miguu hasa, iliyobabuliwa na kumenywa vizuri, ina gozi na kano nyingi, na hizo zikipikwa polepole huyeyuka zikawa jelatini, ambayo huipa supu mwili na utelezi bila kuongeza mafuta. Supu iliyopikwa vema, ikipoa katika friji, huganda ikatikisika. Huo ndio uthibitisho kwamba mifupa imetoa kilichokuwamo.

Vitie vipande katika sufuria pamoja na lita mbili na nusu za maji baridi, kitunguu maji kilichokatwa kati, kipande cha tangawizi cha kadiri ya kidole gumba na punje kumi za pilipili manga. Washa moto wa wastani. Maji yakikaribia kuchemka litapanda povu la kijivu. Liengue kwa upawa mpaka likome, ndipo upunguze moto kabisa, ili sufuria itokote kidogo tu, bubujiko moja hapa, jingine pale. Hapa ndipo wengi huharibu kwa pupa. Supu ikichemshwa kwa fujo, mafuta huvunjika yakawa vitone vidogo mno na kuchanganyika na maji, supu ikawa na ukungu na ladha ya mafuta mafuta, na mafuta yaliyokwisha kuchanganyika hivyo hayaenguliki tena. Moto mdogo huyaacha yaelee juu yenyewe, yakikungojea.

Kama kuku ni wa kisasa, kitoe kidari baada ya dakika 25 hivi, kiambue nyama, na kuirudisha mifupa sufuriani iendelee. Kidari kikizidishiwa moto huwa kikavu kama pamba, na hakuna mchuzi uwezao kukirudishia unyevu wake. Kuku mkongwe hana shida hiyo. Vipande vyake vyote huachwa sufuriani hata nyama ijitenge na mfupa. Mwishowe chuja maji, chambua nyama, na katakata nyuzi fupi fupi za kuingia kijikoni bila taabu.

Sasa mafuta. Mwenye friji na aipoze supu upesi, kwa kuisimamisha sufuria katika karai la maji baridi, maana si vema supu kukaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, kisha ailaze katika friji hata asubuhi: shahamu yote itaganda juu kuwa sahani ya manjano, nayo huondolewa kwa kijiko pasipo ustadi wowote. Asiye na friji na aiache itulie nusu saa, ainamishe sufuria kidogo, na kuyachota mafuta upande yalikojikusanya, kidogo kidogo, kwa upawa. Usiyatupe yote. Bakiza kijiko kimoja cha kulia, nitakuambia kazi yake.

Mboga zetu za supu hushuka kutoka Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako baridi huzipendeza karoti, liki na koliflawa kuliko joto letu la pwani. Mimi hutumia karoti tatu, shina moja la liki nikilipata, viazi ulaya viwili vya wastani, punje nne za kitunguu saumu, na nusu ya mumunye changa. Juu ya mumunye nina la kusema zaidi, kwa sababu limedharauliwa bure. Watu huliona chakula cha wasio na kitu, ilhali likiwa changa, yaani ngozi yake ikiingia ukucha bila kusukuma, nyama yake ikipikwa hulainika mpaka haina uzi wala punje, haina ladha kali ya kushindana na kuku, na kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji huongeza wingi wa supu bila kuongeza uzito tumboni. Boga nalo hufaa, lakini hutia utamu na rangi, na baada ya hapo supu ni ya boga, kuku amekuwa mgeni. Koliflawa ni nzuri sana. Inatoa weupe na ulaini ambao mgeni asiyeambiwa ataapa kuwa ni malai, ila ikipikwa kupita kiasi hunuka, basi iangalie.

Viazi ndivyo vinavyofunga. Chembe za wanga wake zikipata moto hufyonza maji zikavimba, na huo ndio uzito uliokuwa ukitafutwa kwa unga wa ngano. Nimewahi kuandaliwa katika hoteli moja supu ya unga ambayo kijiko kilisimama ndani yake, na ladha ya unga usioiva ilikaa mdomoni hata jioni. Kiazi hakina ila hiyo. Ila yake ni nyingine: kikisagwa kwa muda mrefu katika mashine hutoa utelezi wa gundi, kwa hiyo viwili vyatosha, na visagwe kwa ufupi.

Kile kijiko cha mafuta ya kuku ulichokibakiza ndicho cha kukaangia. Kipashe moto, tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa, liki na chumvi kidogo, funika, na acha vilegee juu ya moto mdogo kwa dakika kumi bila kugeuka rangi. Chumvi huvitoa maji, na maji hayo huvizuia visiungue, ndiyo maana mafuta machache hivyo huwa yanatosha. Kisha fuata kwa kitunguu saumu, karoti, viazi na mumunye, mimina supu kiasi cha kuzifunika mboga, na upike mpaka karoti, iliyo ngumu kuliko zote, ipondeke ukiibana kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Dakika 20 au 25.

Chota robo ya mboga hizo uiweke kando, zibaki vipande, maana supu iliyosagwa yote huchosha meno kwa kukosa kazi. Zilizosalia zisage. Uwe na hadhari: kitu cha moto ndani ya blenda iliyofungwa hutoa mvuke, mvuke husukuma kifuniko, na supu ya moto ikaruka usoni. Usijaze zaidi ya nusu, toa kile kizibo cha katikati ya kifuniko, funika tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, na anza kwa mwendo wa chini. Umeme ukikatika, kama ulivyo ada, zipitishe mboga katika chujio kwa kuzikanda kwa mgongo wa upawa. Ni kazi ya mkono, lakini ulaini wake huushinda ule wa mashine, na mimi kwa wageni wa heshima hufanya hivyo hata umeme ukiwapo.

Rudisha mboga zilizosagwa, vipande, nyama na supu iliyobaki katika sufuria moja. Ikiwa nzito mno iongeze supu. Ikiwa nyepesi iache itokote wazi. Tia njegere konzi moja katika dakika tano za mwisho zisipoteze ukijani wake.

Sasa ndipo yaingie maziwa, kikombe kimoja, pamoja na mtindi kidogo, navyo vinataka adabu yake. Maziwa na mtindi hukatika vikikutana na moto mkali au uchachu, kwa hiyo mimi huchukua nusu kikombe cha mtindi, nikaukoroga na kijiko cha chai cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kutengenezea kastadi, ambao huuzuia usikatike. Nikauongeza miko miwili ya supu ya moto huku nikikoroga ili uzoee joto, ndipo nikamimina yote sufuriani pamoja na maziwa. Baada ya hapo supu ipashwe hata itoe mvuke, isirukeruke. Ndimu ni haramu ndani ya sufuria; atakaye akamue matone machache bakulini mwake, akoroge, ale.

Ndugu zangu wa pwani wataniuliza: na nazi je? Tui la kwanza, lile zito litokalo kifumbuni kabla ya kutiwa maji mengi, karibu sehemu moja katika tano ni mafuta, na makao yake ni kuku wa kupaka, siku ambayo mtu hakusudii wepesi. Lakini tui la pili, jepesi, hushika nafasi ya maziwa pasipo lawama, na huondoa haja ya mtindi; kwa asiyechukuana na maziwa ndilo ninalompa.

Chumvi ya kukolezea huja mwisho, kwa sababu supu ikipungua motoni chumvi haipungui. Vidonge vya supu vya dukani sivitumii: sehemu kubwa yake ni chumvi, na baada ya kumpika kuku saa mbili sioni haja ya kuazima ladha ya kuku kutoka kwenye karatasi. Pilipili manga iliyotwangwa papo hapo na kotimiri vyatosha. Chapati za kusukumwa kwa samli pembeni ya supu hii ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Boflo au mkate wa mofa unafaa zaidi, na mofa ukiwa wa jana ni bora, kwa kuwa hunywa supu bila kuvunjika.

Ikiwa unapika ya siku mbili au tatu, gawa kabla ya kutia maziwa. Ile isiyo na maziwa hukaa katika friji siku tatu, au katika barafu zaidi ya hapo, na kila siku hupashwa ile ya kuliwa tu, ikachemka barabara, ikaondolewa motoni, ndipo ikatiwa maziwa na mtindi wake. Viazi huendelea kuifunga supu hata ndani ya friji, basi usishangae kuikuta nzito kuliko ulivyoiacha. Iongeze kikombe cha maji ya moto na uonje chumvi upya.