Mfupa Ukiibuka Lagani, Usiuoshe

Mvua kubwa ikipita, mito ya Turkwel na Tarach hukata kingo zake na vitu vya kale huchomoza. Anayechota mchanga wa ujenzi Kakuma au kuchunga mbuzi nje ya Lodwar anaweza kuviona kabla ya mtaalamu yeyote.

Mfupa kudumu ardhini ni suala la kemia. Katika mapango mengi, kinyesi cha popo kinapooza hutoa asidi inayoyeyusha kalsiamu na fosfati, yaani madini yanayoupa mfupa ugumu wake. Mashapo mengi ya kale ya Turkana, yaliyoachwa na ziwa na mito, yana chokaa na hayana uchachu huo. Maji yenye madini huupenya mfupa polepole, yakajaza vitundu vyake mpaka ukawa jiwe. Ndiyo maana mifupa ya kijana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ilipatikana karibu yote baada ya takriban miaka milioni 1.5.

Hata hivyo, joto letu huharibu kolajeni, protini ya mfupa inayotumika sana kupima umri. Mfupa ukionekana mzima bado unaweza kuwa hauna cha kupimwa. Kule Nataruk, walikopatikana watu 27 wa miaka 10,000 hivi iliyopita, makombe na mashapo yaliyowazunguka yalisaidia kukadiria umri huo. Ukiung'oa mfupa, ukauacha udongo wake, umetupa nusu ya ushahidi.

Na usiuoshe. Maji huyeyusha chumvi iliyomo. Jua likiukausha, chumvi hugeuka fuwele na kuupasua kwa ndani. Gundi na mafuta navyo huchafua sampuli. Piga picha ukiweka kiberiti kando ili kuonyesha ukubwa, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, na weka mawe hatua chache pembeni kama alama. Shimo la choo au kisima likifikia mifupa, simamisheni kuchimba. Ikionekana ni ya mtu wa siku za karibuni, waiteni polisi kwanza.

Kisha mwone chifu, naye awasiliane na Makavazi ya Taifa. Taasisi ya Bonde la Turkana nayo ina kituo Turkwel, si mbali na Lodwar. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inakupa siku 7 za kutoa taarifa, lakini mvua ikinukia, usingoje hata ya pili.