Kupunguza Uzani ni Kazi Moja, Kuudumisha ni Nyingine

Mtu akipimwa na kupatikana na shinikizo la damu au sukari iliyopanda, ushauri wa kwanza huwa ni apunguze uzani. Wengi hufaulu kwa miezi michache, kisha kilo hurudi na mhusika huitwa mvivu.

Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Mwaka wa 2016, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu watu 14 walioshiriki The Biggest Loser, shindano la runinga la kupunguza uzani. Miaka sita baada ya shindano, 13 kati yao walikuwa wameongeza tena kilo, na miili yao ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Mwili uliopungua hujihami kana kwamba kuna ukame: hubana matumizi na kuongeza hamu ya kula.

Hata hivyo, wapo wanaodumu. Sajili iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1994 hufuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Ni watu waliojiandikisha wenyewe, hivyo hawamwakilishi kila mtu, lakini tabia zao zinafanana: wengi hufanya mazoezi kama saa moja kila siku, hasa kutembea, hula kiamsha kinywa, na hujipima angalau mara moja kwa wiki.

Kujipima hudharauliwa, ilhali kilo mbili zilizorudi ni rahisi kushughulikia kuliko kumi. Asiye na mizani anaweza kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake; mizani ni sehemu ya vifaa walivyoanza kugawiwa Septemba 2023.

Kwenye chakula, ugali husingiziwa mengi. Shida ni kipande kikubwa chenye sukuma wiki kidogo pembeni, na vile vitu visivyohesabiwa kabisa. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 200 kabla ya mandazi.

Kisha kuna majirani. Anayepungua huulizwa kama anaugua, na wengine hurudia sahani kubwa ili kuzima maneno. Ndiyo maana ni vyema nyumba nzima ielezwe mapema, na mpishi apunguze mafuta kwenye sufuria ya wote badala ya kumpikia mmoja kando.

Si lazima mtu awe mwembamba. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2002, uliwalenga watu waliokaribia kupata kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo.

Wanaotumia dawa za kisukari au shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya kubadilisha mlo, kwani huenda kipimo cha dawa kikahitaji kurekebishwa.