Kulala Jangwani Jaisalmer: Mpange Nini Kabla ya Kupanda Treni na Ngamia

Jaisalmer, mji wa mawe ya manjano ulioasisiwa mwaka 1156 magharibi mwa India, uko mwisho wa reli. Mbele yake ni mchanga wa jangwa la Thar, kisha mpaka wa Pakistan. Wapo ndugu zetu wanaosoma India, au waliosindikiza mgonjwa na sasa wanasubiri tarehe ya kurudi kliniki, ambao hukusanyana wakaenda kulala huko usiku mmoja au miwili. Ni safari nzuri. Ikiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye mipango.

Anzeni na tiketi. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na ukikata mtandaoni tiketi moja haibebi zaidi ya abiria 6. Kundi la watu 10 litakuwa na tiketi mbili, na mnaweza kujikuta mabehewa tofauti. Afadhali mlijue hilo mapema kuliko kugombana stesheni. Wazee waombewe vitanda vya chini. Kutoka Delhi ni usiku kucha na zaidi, kama saa 17 au 18 hivi, kwa hiyo lipieni daraja lenye kiyoyozi, ambalo hutoa shuka na blanketi. Katika mabehewa ya madirisha wazi, vumbi la jangwa huja kuwapokea njiani.

Angalieni sana saa. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, mnatakiwa kuwa stesheni usiku wa tarehe 11. Sisi ambao saa sita na nusu usiku bado tunaiita usiku wa jana, mtego huu hutunasa kirahisi.

Kwenye matuta ya Sam, kilomita 40 hivi kutoka mjini, kuna mahema yenye vitanda, ngoma, muziki na magari yanayorukaruka mchangani. Khuri, upande wa kusini magharibi, kumetulia zaidi. Wenye watoto wataipenda Sam. Anayetaka kuona nyota aende Khuri. Kokote mwendako, muulizeni wakala: tutakaa juu ya ngamia muda gani? Wengine huuza "safari ya ngamia" ambayo ni nusu saa ya kuzunguka tuta moja na kupigwa picha. Kwa asiyezoea, saa mbili zinatosha kabisa. Anayejaribu siku nzima atashuka akitembea kama bata.

Ngamia wa Thar ana nundu moja. Humpanda akiwa amepiga magoti. Akiinuka, huanza kunyoosha miguu ya nyuma, nawe unarushwa mbele. Shika tandiko kwa mikono miwili, uegemee nyuma, usubiri miguu ya mbele ifuate. Akikaa, magoti ya mbele hutangulia, kwa hiyo utaegemea nyuma tena. Watu wengi huanguka hapo, wakidhani safari imekwisha. Vaeni suruali ndefu, laini, isiyo na mishono minene, maana mapaja huchubuka. Kikoi au leso ni mali huko: hufunika kichwa mchana, huziba pua upepo ukivuma, na hukunjwa kuwa mto chini ya makalio. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo waende kwa gari, hakuna aibu. Na mkiona ngamia ana kidonda chini ya tandiko, ombeni mwingine.

Kila mtu awe na angalau lita 3 za maji kwa siku, tochi, na rupia taslimu. Taka zote mrudi nazo mjini, kwa sababu ng'ombe na ngamia hula mifuko ya plastiki. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa: nge hupenda kujificha humo.

Anayeingia India akitokea Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla. Bila hicho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na treni haitamsubiri.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Mei na Juni joto hupita nyuzi 45. Lakini msidanganywe na neno jangwa: usiku wa Januari huko hushuka chini ya nyuzi 10, na hema halina ukuta. Bebeni masweta.