Nani Alikukabidhi Alfajiri?



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita mimi na wenzangu watatu wa hosteli hapa Wandegeya tulitengeneza programu ya simu ya nyakati za swala. Alfajiri moja, simu mbili katika chumba kimoja ziliadhini kwa tofauti ya dakika sita. Mwenzetu aliyefuata ile ya pili alikuwa bado anakula daku. Akaniuliza: "Funga yangu imesihi?" Sikuwa na jibu.

Programu haikuwa mbovu. Alfajiri huhesabiwa kwa kina cha jua chini ya upeo wa macho. Rabita ya Makka hutumia digrii 18, hesabu ya Misri digrii 19.5. Kampala iko karibu na ikweta, hivyo digrii moja ni kama dakika nne. Mwenzetu aliandika 18. Mimi, kwa kuwa nasoma dini, niliibadilisha usiku kuwa 19.5 bila kumwambia mtu. Simu moja ikapata toleo jipya, nyingine ikabaki na la zamani.

Nilimwendea shekhe wetu nikiwa na dalili zangu. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani alikukabidhi?"

Hapo ndipo penye somo. Programu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991, imeandikwa na maelfu ya watu. Yeyote hupendekeza badiliko, lakini haliingii mpaka msimamizi alikubali. Nasi tuna mfano wa zamani zaidi. Sayyidna Uthman (r.a.) alipomkabidhi Zayd bin Thabit na Makureshi watatu kazi ya kunakili misahafu, aliwaagiza mapema: wakihitilafiana na Zayd, waandike kwa lugha ya Kikureshi. Kanuni ya kuamua ilitangulia hitilafu.

Sisi tulianza kazi bila kanuni. Sasa tumeandika tatu:

1. Kosa la hesabu, yeyote alisahihishe kwa ushahidi, na mwenzake alikague.
2. Suala la fiqhi lipelekwe kwa shekhe, kama Surat An-Nahl aya ya 43 inavyotuelekeza kuwauliza wenye elimu.
3. Kila badiliko liwe na jina la mwandishi na sababu yake.

Shekhe alichagua digrii 18. Rai yangu haijabadilika, lakini namba yangu nimeiondoa kwa mkono wangu. Watu wanafunga kwa kuiamini simu ile, na hiyo ni amana.

Allah atujaalie tuwe wenye kushauriana. Amin.